Kosa Alilobandikwa Appalanaidu

Kombora liliruka vizuri. Hilo walikubaliana wote baadaye, hata wale ambao hawakukubaliana kwa jambo lingine lolote. Lilichomoka ndani ya kasha lake ubavuni mwa manowari, likapanda na mkia wake wa moto, likadondosha roketi ya kuanzia safari, injini yake ikashika, kisha likainama na kuanza kukimbia juu ya bahari, mita tano tu kutoka kwenye mawimbi, kama lilivyotakiwa. Kilomita arobaini mbele yake ilikuwa imetiwa nanga meli mbovu isiyo na mtu, ikisubiri kutobolewa. Sekunde ya mia na kumi na tatu, alama ya kombora ikazimika kwenye skrini. Lilikuwa limejichoma majini, kilomita nane kabla ya kufika.

Katika chumba cha uongozi pale ufukweni Visakhapatnam, mashariki mwa India, wageni waliotoka Delhi walitazama viatu vyao. Vasundhara Pemmaraju alikuwa amekaa nyuma kabisa, kiti cha tatu kutoka mlangoni, na yeye hakuwatazama wageni wala mkuu wa mradi. Alitazama mchoro wa kimo uliobaki kwenye skrini ya pembeni. Mahali ambapo pangepaswa kuwa na mstari unaotetemeka kwa wepesi, ukifuata kila wimbi, palikuwa na ngazi. Kidato, kimya. Kidato, kimya. Kombora lilikuwa linauliza liko juu kiasi gani, na kifaa kinachotakiwa kulijibu kilikuwa kinachelewa, mpaka wimbi moja kubwa likalikuta kabla jibu halijafika.

Alijua hapo hapo. Na hasira iliyompanda haikuwa ya kombora kuanguka. Makombora huanguka, ndiyo maana yanajaribiwa.

Jeshi la majini lilikuwa limechoka kununua makombora ya kupiga meli kutoka ng'ambo, kisha kuomba vipuri kwa barua, kila skrubu ikisubiri ridhaa ya serikali ya watu wengine. Ndipo maabara ya akina Vasundhara ikaagizwa itengeneze la nyumbani, kuanzia pua hadi mkia. Vasundhara, mhandisi aliyekuwa na miaka arobaini wakati huo, alipewa kifaa cha kupimia kimo, kidude cha ukubwa wa tofali ambacho hutuma mawimbi ya redio chini na kusikiliza yakirudi. Alikaa nacho miaka kumi na moja. Alikifunga kwenye helikopta akakipitisha juu ya bahari ya Agosti huku anatapika ndani ya mfuko. Mkono uliounganisha nyaya za kifaa hicho, kuanzia cha kwanza, ulikuwa wa fundi Appalanaidu, mtu wa pembezoni mwa mji, aliyesoma darasa la kumi na ambaye wahandisi wenye shahada tatu walimpelekea kazi yao iliyowashinda, wakisimama nyuma yake wakijifanya wanasimamia.

Kwenye kombora lililozama, kifaa chao hakikuwemo.

Miezi mitatu kabla ya jaribio, Daktari Tumuluri, mkuu wa mradi, alikuwa amemwita ofisini.

"Kifaa chako hakijamaliza majaribio ya mtikisiko," alisema.

"Kimebakiza wiki sita, Daktari."

"Wiki sita sina. Wageni wanakuja na tarehe imeshatajwa. Kuna kampuni binafsi, ya hapa hapa nchini, imetengeneza kifaa chake kwa miezi minne na kiko tayari. Cheti kipo, karatasi zote zipo."

"Kampuni gani hiyo iliyomaliza kwa miezi minne kitu kilichonichukua miaka kumi na moja?"

Tumuluri akatabasamu. "Sasa huo ni wivu, Vasundhara."

"Nipe nikipime siku mbili tu. Kikinishinda, nitakipigia makofi mwenyewe."

"Kimefungwa kwa lakiri. Ukikifungua, dhamana imekufa."

Aliandika pingamizi la kurasa mbili. Alijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba maoni yake yamepokelewa.

Baada ya kombora kuzama, iliundwa kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti wake akawa Tumuluri mwenyewe. Vasundhara aliomba kuingia, akaambiwa nafasi zimejaa. Siku ya tisa, karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini, na kabla ya saa za kazi ikasomwa kwa kipaza sauti mbele ya wafanyakazi mia nne waliosimama uwanjani. Chanzo cha ajali, ilisema, ni kiungo cha waya kilicholegea, kwa sababu ya ulehemu duni wa fundi Appalanaidu. Fundi amekiri kwa maandishi. Ameondolewa katika ukumbi wa kuunganishia makombora.

Wakati inasomwa, Appalanaidu alikuwa amesimama mstari wa tano. Waliokuwa kulia na kushoto kwake walisogea kidogo, kila mmoja hatua moja, kama watu wanaompisha mgonjwa.

Vasundhara alimkuta mchana nyuma ya karakana, kwenye lundo la vyuma chakavu, anatenga shaba na aluminiamu. Alikuwa amevaa glavu za mpira, mwanaume wa miaka hamsini na tisa ambaye mikono yake ilikuwa imetulia kuliko mashine yoyote katika jengo lile.

"Kaka Appalanaidu, umekiri nini?"

"Sijakiri kitu, Madamu."

"Wameandika umekiri kwa maandishi."

Akavua glavu moja, akajifuta jasho. "Waliniletea karatasi ya Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kusomea namba za vipuri. Nikauliza, hii inasemaje? Wakaniambia, inasema umearifiwa kwamba kuna uchunguzi. Nikasaini. Nikajua ni kuarifiwa tu."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Mkubwa mwenyewe. Akaniagizia na chai." Akacheka kidogo, bila furaha. "Miaka thelathini na mbili hajawahi kuniagizia chai. Nilipaswa kujiuliza."

Vasundhara akakaa juu ya gurudumu tupu la kukunjia nyaya. Appalanaidu akaendelea kutenga shaba.

"Madamu, kiungo changu hakikulegea."

"Najua."

"Sisemi kwa majivuno. Kile kidude chao nilikifunga mimi, kweli. Lakini hata kukifunga kilinisumbua. Skrubu zake zilikataa funguo zetu zote. Nilihangaika asubuhi nzima, mwisho nikaenda kuazima funguo za inchi kwa wale wanaotengeneza mashine za zamani. Nikashangaa. Kitu kimetengenezwa nchini kwetu, nchi ya milimita, skrubu za inchi zinatoka wapi?"

"Ulimwambia mtu?"

"Niliandika kwenye daftari la kazi. Tarehe, saa, ufunguo niliotumia. Na niliandika kwamba rangi yake ni mbichi, inanukia. Mimi huandika kila kitu, si unanijua."

"Kamati ililiona daftari?"

"Kamati iliniona na chai," alisema Appalanaidu.

Asubuhi iliyofuata, mume wa Vasundhara, Sudhakar, mwalimu wa kemia wa sekondari, alikuwa anageuza pesarattu kwenye kikaango, chapati nyembamba za choroko anazozipenda mkewe, na Vasundhara hakuwa amegusa hata moja.

"Uliandika pingamizi," alisema Sudhakar. "Jina lako ni safi. Umebakiza miaka tisa ustaafu. Tumuluri ana watu wake Delhi."

"Mimi jina langu safi. Na la Appalanaidu?"

"Yeye ni rafiki yako, najua..."

"Si rafiki yangu. Sijawahi kula kwake, hajawahi kula kwangu. Ni fundi ambaye kazi yake haina dosari, na wamemtwika kombora zima mgongoni kwa sababu hajui kusoma karatasi ya Kiingereza. Wangembandika mhandisi, angeajiri wakili. Walichagua mtu wa kubandikwa, Sudhakar. Walikaa mezani wakachagua."

Sudhakar akazima jiko. Aliweka chapati kwenye sahani, akaisukuma mbele yake. "Basi kula kwanza," alisema. "Ukigombana na njaa utakosea maneno."

Kifaa cha kwanza kilikuwa kimezama baharini na ushahidi wake, ila kampuni ilikuwa imeleta vifaa viwili. Cha pili, cha akiba, kilikuwa kwenye stoo ya jeshi la majini, si ya maabara, kwa sababu jeshi ndilo lenye kombora. Ufunguo wa stoo hiyo alikuwa nao Kapteni Elavarasan, ofisa wa silaha aliyewekwa na jeshi pale kuusimamia mradi. Kumwandikia moja kwa moja ilikuwa ni kumruka Tumuluri kichwa, kosa ambalo watu walihamishwa kwa ajili yake. Vasundhara aliandika. Aliambatisha nakala ya pingamizi lake, mchoro wa ngazi, na ukurasa wa daftari la Appalanaidu.

Kapteni hakujibu kwa barua. Alimpigia simu.

"Mama, hii mistari ya ngazi. Una uhakika na unachosema?"

"Nina uhakika wa kutosha kuaibika mbele yako nikikosea."

"Ijumaa, saa nne asubuhi. Njoo na fundi wako."

Ijumaa walikutana ukumbi mdogo wa mikutano. Tumuluri alikuwepo na wanakamati watatu, wote wa ofisi yake. Alipomwona Appalanaidu amesimama mlangoni na fulana yake ya kazi, alisema, "Huyu anatafuta nini humu?"

"Nimemwita mimi," alisema Kapteni Elavarasan. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na kifaa cha akiba kilikuwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe, kimefungwa lakiri. "Kaa, fundi."

"Kapteni, kikifunguliwa hicho, dhamana..."

"Dhamana ya nini, Daktari? Mwenzake yuko chini ya bahari."

Vasundhara alikuwa amechukua chupa ya kiyeyushio cha rangi na pamba kutoka maabara yake. Akamsogezea Appalanaidu. "Fanya wewe, kaka. Mimi nitamwaga."

Appalanaidu alilowesha pamba, akaiweka juu ya kibati chenye jina la kampuni na maneno ya kujisifu kwamba kimetengenezwa nyumbani. Akasubiri. Hakukwaruza wala hakuharakisha. Kisha akafuta mara moja, kwa upole, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Rangi ya kijivu ikaja na pamba. Chini yake palikuwa na rangi ya manjano, na juu ya manjano maandishi ya kigeni, namba ya toleo, na mchoro mdogo wa ndege yenye mabawa mapana.

Kapteni akainama. "Hii ni ndege gani?"

"Ya kunyunyiza dawa mashambani," alisema Vasundhara. "Namba hiyo naijua, nimeiona kwenye orodha za watengenezaji. Hiki ni kifaa cha ndege ndogo za mashamba. Ni kizuri kwa kazi yake. Kinapima kimo mara kumi kwa sekunde, na kwa ndege inayopita polepole juu ya shamba la pamba, hiyo inatosha kabisa. Kombora letu linakwenda karibu mita mia tatu kwa sekunde. Kati ya kipimo na kipimo linapita mita thelathini bila kuona. Tulilifunga kitambaa machoni tukalirusha, halafu likajikwaa, tukasema kosa ni la aliyelifunga kamba za viatu."

Mwanakamati mmoja akakohoa. Tumuluri hakutazama kibati. "Nilipokea karatasi zenye mihuri," alisema. "Mimi si mkaguzi wa rangi. Kama kampuni imedanganya, mradi umedanganywa, na mimi nimedanganywa kama wengine. Na tuangalie picha kubwa. Hili likitoka nje, magazeti yatasema kombora la nyumbani ni la kupakwa rangi. Nani atafaidika? Maadui zetu tu. Kuna wakati maslahi ya taifa..."

"Usilitaje taifa," alisema Vasundhara.

Hakupaza sauti, lakini wote waligeuka.

"Nimekaa miaka kumi na moja nikilitengenezea taifa hilo hilo kifaa, ukakiweka kabatini kwa sababu ya tarehe ya wageni. Nilikuomba siku mbili za kupima, ukasema nina wivu. Karatasi zilikudanganya, sawa, labda. Lakini huyu nani alimdanganya? Karatasi yake ya Kiingereza nani alimwambia ni ya kuarifiwa? Daftari lake lilikuwepo, hamkulifungua, limeandikwa skrubu za inchi, limeandikwa rangi mbichi. Fundi wa darasa la kumi aliona kabla kombora halijaruka, na nyie mlipoambiwa na bahari yenyewe hamkuona. Mlimwona yeye."

Tumuluri alifungua mdomo. Kapteni akainua kiganja.

"Daktari, nina vijana mia na themanini kwenye meli ile," alisema. "Siku ya vita, wakibonyeza kitufe, hawatauliza maslahi ya picha kubwa. Watasubiri kombora lifike. Hiki nakichukua. Na kifaa cha mama huyu kimalizie wiki zake sita."

Appalanaidu alikuwa amekunja pamba iliyochafuka, hajui aiweke wapi. Akaitia mfukoni.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Kampuni ikatolewa kwenye orodha bila kutajwa jina popote. Uchunguzi mpya ukasema chanzo ni "kipuri kisichofaa". Tumuluri alibaki kitini. Appalanaidu akarudishwa ukumbini, kwa sababu kifaa cha Vasundhara hakikuwa na mtu mwingine wa kukiunganisha, na wote wawili walijua ndiyo sababu.

Miezi mitano baadaye, kombora la pili liliruka kutoka meli ile ile. Vasundhara hakualikwa. Alikuwa mezani kwake Kapteni alipopiga simu.

"Mama, limeingia. Futi mbili juu ya mstari wa maji. Tundu la kupita ng'ombe."

"Na mstari wa kimo?"

"Unatetemeka vizuri tu," alisema Kapteni, na akasikika akitabasamu.

Aliweka simu chini akalia kidogo, akajipangusa, akaenda ukumbini kumwambia Appalanaidu. Alimkuta anakula muwa aliouficha ndani ya droo ya bisibisi, jambo lililokatazwa kabisa.

"Limeingia, kaka."

"Lilikuwa liingie," alisema. Lakini muwa ulimshinda kutafuna kwa dakika nzima.

Taarifa ya habari ilimwonyesha Tumuluri na shada la maua shingoni, akisema kila kipande, kila skrubu, ni ya nyumbani. Sudhakar akanyoosha mkono kuzima televisheni. "Acha," alisema Vasundhara. "Safari hii anasema kweli. Inaniuma, lakini ni kweli."

Kilichomnyima usingizi hakikuwa hicho. Kesho yake alikwenda ofisini kwa Tumuluri kuuliza jambo moja.

"Barua ya kumsafisha Appalanaidu iko wapi?"

"Ipo kwenye faili lake. Imesainiwa na kila kitu."

"Tuhuma ilisomwa kwa kipaza sauti."

"Vasundhara, tumefanikiwa. Nchi nzima inashangilia. Unataka tufukue habari ya waya?"

"Nataka isomwe palepale iliposomwa ya kwanza, kwa watu wale wale."

"Haiwezekani. Itazua maswali." Akafungua karatasi nyingine mbele yake, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha. "Na wewe ukae ukijua, kuna nafasi imetokea katika kitengo cha mafunzo. Mbali kidogo, lakini hewa yake nzuri."

"Nimesikia," alisema Vasundhara.

Akaenda masjala. Karani alikuwa mwanamke aliyesimama mstari wa tano siku ile, mmoja wa waliosogea hatua moja. Vasundhara aliomba nakala ya barua. Kwa utaratibu, nakala ilihitaji saini ya Tumuluri. Karani alimtazama, akatazama mlango, akainuka akaiweka kwenye mashine.

Saa saba, kantini ilijaa. Mvuke wa sambar, ule mchuzi wa dengu, na wali, vikombe vya chuma vikigongana. Appalanaidu alikuwa meza yake ya kila siku karibu na dirisha, na viti viwili vya jirani vilikuwa vitupu, kama vilivyokuwa tangu ile karatasi ya ubaoni, maana hata baada ya kurudishwa ukumbini watu hawakuwa na hakika. Vasundhara akasimama katikati ya meza zote. Hakuwa na kipaza sauti. Alianza, watu wakaendelea kula. Akaanza tena kwa sauti ya juu zaidi, kwa Kitelugu, akitafsiri kila mstari wa ile barua ya Kiingereza, polepole, ili hata wafagiaji waliokuwa mlangoni waelewe.

Kwamba kiungo hakikulegea. Kwamba ulehemu wa fundi ulikaguliwa ukakutwa hauna dosari. Kwamba fundi aliandika kasoro ya kifaa kabla ya jaribio, na maandishi yake hayakuzingatiwa. Kwamba kukiri kwake kumefutwa, kwa kuwa hakuelezwa alichokuwa anasaini. Akataja tarehe, akataja jina kamili, akataja aliyesaini.

Watu walikuwa wameacha kula. Msaidizi wa Tumuluri aliinuka akatoka haraka, na Vasundhara alijua anakwenda wapi.

Fundi mmoja kijana, wa idara ya injini, alinyoosha mkono. "Akka, dada yangu, naomba niione." Akampa. Kijana akasoma, akampa wa pili, naye akampa wa tatu. Ilikwenda hivyo meza hadi meza, ikipata alama za vidole vyenye mchuzi. Ilipofika dirishani, mpokezi wake, mzee wa idara ya rangi, hakuirusha kwa mbali. Alibeba sahani yake, akakaa kwenye kiti kimoja kitupu, akaiweka mbele ya Appalanaidu.

Appalanaidu hakuisoma. Aliifuta mchuzi kwa pindo la shati lake, akaikunja mara mbili.

"Madamu," aliita, mkono umeshika karatasi. "Hii nikae nayo? Mke wangu aliulizwa maswali mengi sana pale kisimani."

"Ni yako, kaka."

"Basi kesho nitaibandika mlangoni kwangu," alisema, akarudi kwenye wali wake.